Akiba ya Mshono

Sechelela alinizungushia futi kiunoni
barazani kwake, Chang'ombe,
pini tatu mdomoni, jicho moja kwenye namba,
akaitaja kwa sauti
kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.
Wateja wawili kwenye benchi wakatazama chini.

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa wiki sita mbele,
kitambaa nimeshanunua, rangi ya zabibu mbivu.
"Punguza inchi nne," nikamwambia. "Mwili utafuata."
Akacheka bila kudondosha pini.
"Mwili si mbwa, uuite."

Nikaenda kwa dada wa saluni, Makole,
anayeficha dawa nyuma ya mafuta ya nywele.
Chupa haina tarehe, haina jina la aliyeitengeneza,
ina picha ya kiuno tu, kiuno kisicho na mwenyewe.
Elfu arobaini na tano. Na chai ya bure juu yake,
"ya kusafisha," akanikonyeza.

Chai ilisafisha, sikatai.
Ilinisafisha usiku, ikanisafisha alfajiri,
ikanisafisha katikati ya kikao kule Mtumba
mkurugenzi akiwa ukurasa wa pili.
Na vidonge: siku ya nne moyo ukaanza kugonga
kama mtu aliyefungiwa nje mvuani.
Mvua gani, Dodoma, mwezi wa nane?
Upepo tu, unaokung'uta mabati,
na mimi macho kodo hadi saa tisa,
kijiko kikilia kwenye kikombe
kwa sababu mkono haukutulia.

Mizani ikasema kilo tatu zimekwenda.
Nilifurahi, Mungu anisamehe.
Zilikuwa zimekwenda maji, na usingizi, na adabu:
nilimfokea mwanangu Nyemo kwa kutafuna karanga.
Alikuwa anatafuna tu.
Karanga hulia.

Zahanati, muuguzi alinifunga mkanda wa presha mkononi.
Nikawaza: futi nyingine.
Hii ilikaza, ikashusha pumzi, ikataja namba yake,
na muuguzi akaipima tena.
Akaomba chupa. Akaigeuza, akaigeuza,
akitafuta maneno ambayo hayakuandikwa.
"Mimi sijui hiki ni nini. Wewe hujui.
Aliyekuuzia hajui. Kuna anayejua?
Moyo wako. Na umeshasema."
Vidonge kumi na tisa vilibaki mezani kwake.

Baada ya hapo, niwaambie nini cha kusisimua?
Nakwenda sokoni Majengo kwa miguu, narudi kwa miguu,
vumbi likinipaka hadi kwenye kope.
Mlenda niliokuwa nauonea haya mbele ya wageni
umerudi mezani, na ugali wa uwele, tonge dogo,
tonge linalotafunwa.
Soda ya saa kumi niliiacha kama mchumba:
mara tatu.
Wiki nyingine nusu kilo. Wiki nyingine hamna kitu.
Wiki ya msiba wa shangazi iliongezeka moja,
nikaiacha ikae, ilikuwa na sababu yake.

Harusini nilivaa gauni la kipimo kile kile cha barazani.
Sechelela hakupunguza hata uzi.
Katika picha nimejaa fremu nusu nzima,
nimeshika mfupa wa mbuzi, nacheka na mtu asiyeonekana.
Naipenda picha hiyo. Sikuipenda zamani.

Mwezi wa pili, mvua imeshika, mahindi ya jirani yamesimama,
nikampelekea tena gauni. Lilikuwa linanicheza.
Akalipindua ndani nje,
na pale kwenye mshono nikaona kitambaa kilichokunjwa,
upana wa vidole viwili, kila upande, kimya muda wote.
"Kila gauni naliachia," akasema.
"Mtu hunenepa, mtu hukonda, mtu huzaa, mtu huugua.
Mimi nashonea mtu."

Akakaza kidole kimoja. Kimoja tu.
Nikamwambia kinachozidi akikate sasa,
sitakihitaji tena.
Akakanyaga cherehani kwa nguvu,
akajifanya hasikii.